Uwanja wa zamani uwe bustani: tuanze na baraza, hodi, redio, kamati au jembe?

Miji mingi ya Uganda iliyopitiwa na reli ina uwanja wa namna hii, nyuma ya kota za reli, yaani nyumba za wafanyakazi. Goli moja limebaki nguzo mbili, la pili halipo kabisa. Chuma chake kiliuzwa skrepa zamani. Jukwaa la mbao limeliwa na mchwa. Mvua za Aprili zikikolea, nyasi zinafika kiunoni, na katikati kuna njia ya miguu iliyonyooka kama rula, maana watu hukatiza hapo kwenda sokoni. Enzi za Reli ya Afrika Mashariki kulikuwa na timu, kulikuwa na klabu, na Jumamosi kulikuwa na mechi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 reli ikagawanywa, na uwanja ukabaki bila mtu wa kuufyeka.

Sasa mtu anasimama na kusema: tuufanye bustani ya umma, watu wapate kivuli, watoto wapate pa kukimbia. Katiba yetu ya 1995 iko upande wake. Katika malengo ya kitaifa yaliyo mwanzoni, lengo la kumi linaitaka serikali iwahusishe wananchi katika kupanga na kutekeleza maendeleo yanayowagusa, na la kumi na saba linaitaka ikuze burudani na michezo. Kwa hiyo hakuna ubishi kama wakazi waulizwe. Ubishi ni waulizwe kwa njia gani na kwa mpangilio gani, na hapo ndipo nimeona miezi na pesa vikiyeyuka.

Nimewahi kuwa katibu wa mazingira kwenye kamati ya LC1, yaani serikali ya kijiji, nimekalia viti vya plastiki vya mikutano ya kila aina, kwa hiyo siandiki kama mtu asiye na upande. Naweka njia tano bega kwa bega ili mwenye uwanja wake achague. Upendeleo wangu nausema mapema: baraza la wazi, ambalo karibu kila mtu huanza nalo, mimi naliweka mwisho.

Hati kwanza

Kabla ya njia yoyote, nenda ofisi ya ardhi ya kanda ukaangalie jina lililo kwenye rejista. Ofisi hizo ziko Tororo, Mbale, Jinja, Arua na kwingineko, na mwananchi anaweza kuomba kutafutiwa kwa kulipa ada. Sheria ya Ardhi ya 1998 inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, wa frihodi (wa kudumu), wa mailo (wa kudumu pia, wa Buganda) na wa lisi (wa kukodi kwa muda maalumu). Viwanja vya zamani vingi vilikuwa vya mashirika, yaani reli, viwanda vya nguo, migodi, shule za misheni. Shirika linaweza kufa na hati yake ikabaki hai kwenye droo ya mtu.

Kama jina ni la halmashauri au la bodi ya ardhi ya wilaya, njia ni nyepesi: mabadiliko ya matumizi yanapita kwenye kamati ya mipango iliyowekwa na sheria ya mwaka 2010, na ramani inabandikwa hadharani watu waione na kuipinga wakitaka. Kama ni la shirika la umma, idhini yake ipatikane kwa maandishi kwanza, siyo kwa ahadi ya afisa aliyekutana nawe kwenye chai. Na kama kuna mtu mwenye lisi hai, simama hapohapo. Kuwauliza watu wachague rangi ya mabenchi ya ardhi iliyokwisha kukodishwa ni kuwachezea.

Watu hawaogopi bure. Uwanja wa Nakivubo mjini Kampala ulianza mwaka 1926, na leo ukienda kuutafuta unaanza kuona maduka kabla hujaona nyasi. Mkazi yeyote anayesikia neno "kuendeleza" likitajwa karibu na kiwanja cha wazi tayari anasikia mlio wa katapila.

Kwa mwenye haraka, hii hapa picha nzima:

| Njia | Muda | Anayesikika | Anayekosekana | Hatari yake |
|---|---|---|---|---|
| Baraza la wazi | Siku moja, pamoja na wiki mbili za kutangaza | Wazee, wanasiasa, wasemaji hodari | Akina mama wa sokoni, vijana wa boda, watoto | Kuhudhuria kugeuzwa kuwa kukubali |
| Kuhesabu na kupiga hodi | Wiki tatu au nne | Wanaoutumia uwanja kweli | Wanaorudi nyumbani usiku | Kudhaniwa ni wapimaji wa kuwahamisha watu |
| Redio na WhatsApp | Jioni mbili tatu | Wenye simu na salio | Majirani wa karibu kabisa | Maoni ya wasiowahi kuukanyaga |
| Kamati ya wakazi | Mwaka na zaidi | Wachache waliochaguliwa | Wengine wote baada ya miezi sita | Kamati kujifanya mwenye uwanja |
| Jembe na majaribio | Msimu mmoja wa mvua | Miguu na mikono | Wasio na siku ya kufanya kazi bure | Maskini kulima bure, mkandarasi kulipwa |

Baraza

Neno baraza hapa kwetu lina ofisi. Mwaka 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha mabaraza ya wananchi, ambako maafisa husimama mbele ya watu na kueleza fedha za umma zimefanya nini, na jina likaachwa la Kiswahili hata kwenye nyaraka za Kiingereza. Mwaka huohuo, baada ya ghasia za Septemba mjini Kampala, serikali ilipiga marufuku ebimeeza, ile mijadala ya redio iliyokuwa ikirushwa kutoka kumbini na kwenye baa, watu wakizunguka meza. Hilo nalo ni neno lililotujia kutoka pwani. Meza ikaondolewa, baraza likabaki, na anayejua tofauti ya nani anaitisha nini ataelewa kwa nini wakazi wengine hawafungui midomo barazani.

Nguvu yake haikataliki. Kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa baraza la kijiji la LC1 kwa sheria, kwa hiyo halihitaji kubuniwa. Ahadi ikitolewa mbele ya watu mia mbili, diwani atapata taabu kuikana. Na kwa siku moja tu, mambo ambayo yangezunguka mwezi mzima kama umbea yanasemwa mchana kweupe.

Lakini tazama saa. Baraza likiitwa saa nane mchana, mama muuza mchicha yuko gengeni, kijana wa boda yuko stejini, mtoto yuko darasani. Wanaobaki ni wastaafu, wagombea wa uchaguzi ujao na wale waliokuja kwa soda. Mwenyekiti anaanza kwa kuwatambulisha wageni, kila mgeni anamtambulisha mwenzake, na ikifika zamu ya "maoni ya wananchi" jua limekwisha kushuka. Nimehudhuria baraza moja ambalo maoni ya wananchi yalikuwa ni watu watatu, na wote walikuwa wanaume wa ukoo mmoja.

Halafu lugha. Katika mji wa mashariki mkutano mmoja unaweza kuwa na Wapadhola, Wateso, Wasamia, Wagwere na Waganda. Kiswahili kinaonekana jibu rahisi, na kwenye kota za reli ni kweli, ndicho kilicholelewa humo. Ila Idi Amin, mtawala wa kijeshi, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wapo kina bibi ambao wakisikia Kiswahili kwenye kipaza sauti wanakumbuka askari mlangoni. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022. Masikio ya bibi yangu hayakupitisha. Mkalimani si anasa, na asimame mbele, siyo pembeni akinong'oneza.

Kinachonifanya niliweke baraza mwisho ni jambo lililonipata mwenyewe. Tuliitwa kwenye mkutano wa "kujulishwa" kuhusu kiwanja fulani. Karatasi ikapitishwa: jina, simu, sahihi. Tukatia sahihi, tukapewa soda na nauli ya kurudia. Miezi kadhaa baadaye nikaiona karatasi ileile imebanwa nyuma ya ripoti, ukurasa wa juu umeandikwa kwamba wakazi waliotajwa wameridhia. Jina langu lilikuwa namba 14. Nilikuwa nimepinga kwa sauti siku ile, lakini sauti haikubanwa kwa pini.

Kuhesabu na kupiga hodi

Hapa ndipo ningeanza, na hapa nitakaa kidogo.

Uwanja tunaouita umekufa haujalala. Kaa ukingoni siku tatu: siku ya gulio, Jumapili, na siku ya kawaida. Uwepo saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na, ukiwa na mwenzako, saa mbili usiku. Chukua daftari tu. Utakachoandika kitaharibu mchoro wowote uliokuwa nao kichwani.

Asubuhi ni watoto wa shule wakikatiza. Jua likipanda, akina mama wanatandaza mihogo kwenye sakafu ya saruji ya kilichokuwa chumba cha kubadilishia jezi, kwa sababu ndiyo sakafu safi na pana kuliko zote mtaani. Mbuzi wamefungwa kwenye nguzo ya goli. Gari la shule ya udereva linazunguka taratibu, na nyuma yake kijana anajifunza pikipiki kabla hajaenda kuua mtu barabarani. Chini ya mwembe kuna ludo tangu saa nne hadi giza. Jioni wanakuja wa mpira, pekupeku, na magoli ya mawe mawili. Kona ya chini kuna mashimo ya wafyatua matofali, yamejaa maji, yamejaa mbu. Mara mbili kwa mwaka Waislamu wanaswali Idi hapo. Mara nyingine walokole wanasimamisha jukwaa la mkutano wa injili na spika zinazoamsha mji.

Kila mmoja wa hao ana dai juu ya bustani, hata kama hajui kwamba kuna bustani inayopangwa. Swala ya Idi inataka sehemu ya kati iwe wazi na tambarare, kwa hiyo miti haipandwi katikati hata kama mchoraji amependa duara lake. Mama wa mihogo anahitaji ile sakafu isivunjwe. Mkandarasi ataiona kama kifusi, wewe umeshaiona kama mashine ya chakula. Wacheza mpira hawahitaji uwanja kamili, wanahitaji kipande. Mwenye mbuzi atapoteza, na afadhali ajue mapema na aonyeshwe pa kwenda kuliko aje kuwalisha mbuzi wake miche yako usiku.

Hili la anayepoteza ndilo linalonisukuma. Kule London, kwenye bustani ya Beckenham Place, halmashauri ya Lewisham iliufunga uwanja wa gofu mwaka 2016, ikaurudisha kuwa bustani ya kila mtu, na mwaka 2019 ikafungua ziwa la kuogelea. Wacheza gofu walipinga. Lakini wao walikuwa na namna ya kupinga: walijuana, waliweza kuandika barua na kuendesha kampeni, na waliochukia walijulikana. Kwetu anayepoteza ni mchunga mbuzi, mfyatua matofali na mama wa mihogo. Hawana klabu wala katibu, na hawatakuja barazani. Usipowafuata walipo, utawasikia siku uzio ukikatwa.

Ukishahesabu, ndipo upige hodi kwenye nyumba zinazopakana na uwanja. Nani apige? Siyo afisa aliyeshuka kwenye pikapu ya halmashauri akiwa na ubao wa kuandikia. Watu wamezoea kwamba anayekuja kuhesabu nyumba leo, kesho anakuja kuweka alama ya X nyekundu ya kubomoa. Tunao mfano wa nyumbani wa kufanya vizuri zaidi: Shirikisho la Kitaifa la Wakazi wa Mitaa ya Mabanda, likisaidiwa na shirika la ACTogether, limefanya hesabu za mitaa katika miji kama Jinja, Mbale, Arua na Mbarara, na wanaohesabu ni wakazi wenyewe. Jirani akimwuliza jirani, anapata jibu tofauti na analopata mgeni. Si lazima uwe sehemu ya shirikisho; kuiga kunatosha. Chagua sita, nusu wanawake, mmoja wao kijana wa stejini ambaye anamjua kila mtu kwa jina la utani.

Swali lenyewe lina ufundi. "Mnataka bustani?" halina maana, kila mtu atasema ndiyo, kama vile ungeuliza mnataka mvua. Uliza hivi: jana ulipita uwanjani saa ngapi, ukiwa na nani, ulifanya nini? Wapi huendi, na kwa nini? Kwa wanawake ongeza swali la usiku. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba taa mbili na nyasi fupi zina thamani kuliko chemchemi ya mapambo ambayo itakauka mwaka wa pili.

Ubaya wake ni jasho. Sita kwa wiki tatu ni chakula na nauli, na halmashauri nyingi zitakwambia hazina fungu. Pia unapata karatasi nyingi kuliko unavyoweza kuzisoma, na wanaorudi kutoka kazini saa tatu usiku hutawakuta. Kwa hao rudi Jumapili.

Redio

Sitaizungumzia sana. Redio ya mji inafaa kutangaza, na kipindi cha wapiga simu kitakuletea maoni mengi kwa jioni moja. Tatizo ni kwamba anayepiga simu anaweza kuwa yuko maili ishirini kutoka uwanjani na ana msimamo mkali kuliko mama anayeishi ukutani mwake. Itumie kupeleka habari, usiitumie kupiga kura. Kundi la WhatsApp la mtaa ni hivyohivyo, na lina balaa lake la ziada: baada ya siku tatu linajaa matangazo ya mikopo na picha za harusi. Ila lina faida moja kubwa, picha. Ramani ikibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, watu kumi wataiona. Ikipigwa picha na kutumwa, mji mzima utaibishia kabla ya chakula cha jioni.

Kamati ya wakazi

Kamati inafaa kwa swali moja ambalo njia nyingine haziligusi: baada ya utepe kukatwa, nani anafyeka?

Nairobi wana Karura. Msitu ule uliwahi kuogopwa kwa vibaka na kunyemelewa na wajenzi hadi Wangari Maathai na wenzake wakapigania usikatwe mwaka 1999. Leo unasimamiwa na huduma ya misitu ya Kenya pamoja na chama cha wakazi, kuna uzio, na wageni hulipa kiingilio. Uganda nasi tuna chombo cha kisheria kinachofanana: Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 ilifungua mlango wa usimamizi wa pamoja, na Mamlaka ya Misitu ya Kitaifa, NFA, imesaini makubaliano na vikundi vya wanaoishi kandokando ya misitu ya hifadhi. Uwanja wa mpira si msitu wa hifadhi, sheria hiyo haiugusi moja kwa moja. Lakini muundo wa makubaliano unaigika: nani anafanya nini, nani anapata nini, nani anamwajibisha nani, kwa miaka mingapi. Karani wa mji akikwambia jambo hilo halina mfano, mwonyeshe huo.

Kiingilio, kama cha Karura, mimi ningekikataa kwa bustani ya mtaa. Shilingi mia tano kwa mwenye gari si kitu; kwa mama mwenye watoto watano ni sukari. Afadhali kibanda cha rolex (chapati ya kuviringishiwa mayai) na chai kilipe kodi kwa kamati, na shule ya udereva, ambayo tayari huwa inamlipa mtu fulani asiyejulikana, ilipe kwa risiti.

Sasa ubaya. Kamati ikichaguliwa siku ya shangwe, waliochaguliwa ni wale waliovaa vizuri siku hiyo. Baada ya miezi sita wajumbe kumi wamebaki wanne, mwenyekiti ana muhuri, na bustani ya umma inakodishwa kwa harusi bila mtu kujua pesa zimeingia wapi. Dawa ndogo ninazoziamini: muda wa mwaka mmoja tu kwa muhula wa kwanza, mweka hazina asiwe wa ukoo au dini ya mwenyekiti, na hesabu zibandikwe kwenye mti, ndiyo, kwenye mti, kila mwezi. Viti viwili viwe vya watu waliopatikana kwenye ile hesabu ya uwanjani. Mchunga mbuzi akiwa ndani ya kamati, miche inapona.

Jembe na majaribio

Njia ya tano ni kuacha kuuliza na kuanza kidogo, kwa namna inayoweza kurudishwa. Buganda wanaiita bulungi bwansi: siku moja, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe lake. Fyekeni nyasi. Fukieni mashimo ya matofali mawili matatu. Wekeni mabenchi ya magogo upande wenye kivuli. Kisha msimwulize mtu chochote kwa wiki nne, mtazame tu watu wanakaa wapi na miguu inachora njia gani. Njia ya lami ikija baadaye ifuate hiyo ya miguu. Nimeona njia nzuri ya matofali iliyopinda kama nyoka kwa urembo, na kando yake vumbi limenyooka, kwa sababu hakuna mtu mwenye ndoo ya maji kichwani anayezunguka kwa urembo.

Miti ina kalenda yake. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki mvua huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Mche uliopandwa Januari kwa ajili ya kamera ni kuni za Februari. Musizi hukua haraka na hutoa kivuli mapema. Mvule ni wa wajukuu, lakini pandeni hata miwili. Mwembe na mfenesi huleta ugomvi kwenye mikutano: wazee wanataka matunda, walimu wanasema watoto watarusha mawe. Wote wako sahihi, kwa hiyo mipandeni mbali na njia. Mkalitusi ni kishawishi kwa sababu miche yake ni ya bei nafuu na inashika popote. Kwenye bustani ndogo unakunywa maji ya wenzake wote. Anayetaka kuona miti ya kila namna iliyokua kwa utulivu aende bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, achukue jioni nzima.

Ubora wa majaribio ni kwamba hata asiyesema anajibu. Bibi asiyewahi kunyanyua mkono barazani atakaa kwenye benchi, au hatakaa. Ubaya ni jasho la nani. Wanaokuja na majembe ni wale wasio na kazi ya mshahara, na kama baadaye fedha za mradi zikifika na mkandarasi akalipwa kwa kazi iliyokwisha kufanywa na wakazi, mmezika imani yao pamoja na mashimo yale. Andikeni nani alifanya nini, siku gani, na fedha zikija wao wapewe kazi kwanza. Pia, hakikisheni hati tena. Kupanda miti kwenye ardhi ya mtu kunaweza kusomwa kama uvamizi, na polisi hawatasikiliza habari za kivuli.

Kwa hiyo ipi?

Inategemea kilichopo mbele yako. Kama hati ni safi na watumiaji ni wachache, hesabu ya siku tatu na siku moja ya majembe vinakutosha kuanza. Kamati itakuja yenyewe. Kama makundi mengi yanagombea kipande kilekile, hodi haina mbadala, hata kama itakula nusu ya bajeti. Kama mfadhili anataka ripoti ya ushirikishwaji ndani ya wiki tatu, mwambie wiki tatu zinatosha hesabu na redio, na umnyime baraza. Atanung'unika, lakini hatapata karatasi ya sahihi ya kubandika nyuma ya uamuzi aliokuja nao mfukoni. Na kama uamuzi umekwisha kufanyika, mwenye kusema afike na kusema hivyo. Watu wanavumilia kuarifiwa kuliko wanavyovumilia kuigiziwa kwamba wanaulizwa.

Kwa uwanja kama ule wa nyuma ya kota, mimi ningepanga hivi. Juni, hati na hesabu ya uwanjani. Julai na Agosti, hodi, na picha za michoro ya watoto zikizunguka kwenye WhatsApp. Redio kwa kutangaza tu. Septemba mvua zikianza, majembe, mabenchi ya magogo na miche kando kando, katikati paachwe wazi. Oktoba kutazama. Novemba ndipo baraza, Jumapili saa kumi jioni, palepale uwanjani, watu wakiwa wameketi juu ya kitu ambacho wanaweza kukipenda au kukikataa kwa kukigusa. Wakalimani wawili. Walioonekana kwenye hesabu wazungumze kabla ya wageni waalikwa, na wageni wajitambulishe kwa sentensi moja.

Karatasi ya mahudhurio ipitishwe, hakuna ubaya. Lakini juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa na kabla ya sahihi ya kwanza, pawe pameandikwa: NIMEHUDHURIA. SIJAKUBALI WALA KUKATAA. Na pembeni pawe na safu ya mwisho, pana kuliko ya simu, ya kuandika nilisema nini.